Floti ya Tangi Ilivyonigombanisha na Mpangaji Wangu

Bili iliingia kwenye simu nikiwa kazini, nikadhani nimesoma vibaya. Shilingi 4,460. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumelipa 1,190, na miezi ya nyuma ilikuwa papo hapo, hamsini juu au hamsini chini. Nyumba ni ile ile ya Buruburu aliyotuachia baba. Watu ni wale wale: mimi, mama yangu, binti yangu ambaye muda mwingi yuko shule ya bweni, na Mama Baraka anayepanga chumba na sebule kule nyuma kwenye eksitenshen. Hakuna aliyeanza kuosha magari, wala aliyefungua udobi.

Nikafanya wanalofanya wenye nyumba wengi. Nikatafuta wa kulaumiwa, na nikamtafuta asiyeweza kunijibu. Mama Baraka alikuwa amejifungua miezi minne iliyopita na kila asubuhi kamba ya nguo ilijaa nepi. Jioni hiyo nikasimama mlangoni kwake nikamwambia sehemu yake ya maji inapanda kutoka 300 hadi 1,300. Hakubishana sana. Alisema neno moja tu, na ninaliandika hapa kama alivyolisema: "Mama Njeri, mimi usiku nikiamka kunyonyesha nasikia kama mvua inateremka kwenye ukuta, na nje hakuna mvua." Nikamwambia hayo ni mambo ya majirani. Akalipa.

Nieleze nyumba yetu inavyopata maji, maana bila hivyo mengine hayaeleweki. Buruburu, kama mitaa mingi ya Nairobi, maji ni ya mgao. Kwetu huja usiku mara tatu kwa wiki. Maji mengi ya mji huu hutoka milimani upande wa Aberdare, kwenye mabwawa kama Ndakaini, yanashuka kwa mteremko hadi kwenye matangi makubwa ya Gigiri na Kabete, na kutoka huko yanaendelea kuteremka kuja huku Eastlands. Mchana watu wote wamefungua mifereji, kwa hiyo hata siku ya mgao yakichelewa kukatika yanachuruzika tu. Saa nane usiku watu wamelala, na yale maji yanakuja kwa nguvu za ajabu. Sisi hatuna pampu wala tangi la ardhini. Paipu ya nusu inchi inapanda moja kwa moja hadi kwenye tangi la plastiki la lita 1,000 lililo juu ya zege la bafu, na kazi ya kuyazuia yasimwagike ni ya kifaa kimoja kidogo: floti.

Floti ni kitu rahisi sana ukishakiona. Kuna boya, yaani lile pira la plastiki linaloelea. Boya limeshikwa na mkono wa chuma. Maji yakipanda, boya linapanda, mkono unasukuma kijiti kidogo chenye wosha ya mpira kwenye ncha, na wosha hiyo inaziba tundu ambalo maji yanaingilia. Maji yakishuka, tundu linafunguka. Sikuwa nimewahi kuiona hata siku moja katika miaka kumi na mbili ya kuishi chini yake.

Bili ya pili ilikuja 4,720. Safari hii sikumwendea Mama Baraka. Nilienda ofisi ya maji nikiwa na hasira na karatasi zote mkononi, tayari kuwaambia mita yao ni mbovu. Dada aliyenihudumia alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole: "Umepanda kwa tangi?" Nikanyamaza. Akanifundisha kitu ambacho ningekijua mapema kingeniokoa pesa na aibu. Usisome mita mchana, alisema. Subiri usiku wa maji, tangi likishajaa, funga kila mfereji ndani ya nyumba, kisha tazama kile kinyota kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, kuna maji yanayokwenda mahali. Tarakimu nyeusi ni yuniti, nyekundu ni sehemu ya yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu. Tulikuwa tumepanda kutoka yuniti 12 hadi 38. Hizo 26 za ziada ni mitungi 1,300 ya lita 20. Nepi gani hizo?

Usiku wa Alhamisi, saa sita kasoro, nilipanda ngazi. Mama yangu, miaka sabini na moja, alikataa kulala akasimama pale getini kwenye mita na tochi. Nilifungua kifuniko cha tangi nikamulika. Maji yalikuwa yamefika kwenye mdomo wa paipu ya ovaflo, ile ya kutolea maji yakizidi, na yanaingia humo kimyakimya, laini, kama mafuta. Boya halikuwa limeelea juu, lilikuwa limezama nusu na zaidi, limelala kama mtu aliyechoka. Nikaingiza mkono, nikaliinua mwenyewe kwa nguvu mpaka juu.

"Imesimama!" mama akapiga kelele kutoka getini.

Nikaliachia.

"Inazunguka!"

Tukarudia mara tatu, imesimama, inazunguka, mpaka taa ya jirani ikawaka. Mama Baraka naye akatoka na mtoto begani kuangalia kuna nini. Nikiwa kule juu mkono umelowa hadi begani, nikafuata kwa tochi ile paipu ya ovaflo inakoelekea. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu nadhifu. Hakutaka maji ya tangi yadondoke ovyo uani, kwa hiyo paipu ya ovaflo aliiingiza kwenye mfereji wa bati unaokinga maji ya paa, na bomba la mfereji huo linateremka kwenye ukuta wa eksitenshen, nusu mita kutoka kitanda cha Mama Baraka, halafu linazama ardhini kwenda kwenye mtaro. Katika nyumba nzima, mtu mmoja tu ndiye angeweza kusikia maji hayo. Na alikuwa ameniambia.

Sikushuka haraka. Nilijifanya bado naangalia tangi.

Kesho yake nilimwita fundi aliyependekezwa na kinyozi wa hapo jirani. Alikuja saa nane mchana, akapanda, akakaa dakika kumi, akashuka na kusema kazi imekwisha. Alikuwa ameukunja mkono wa floti kuelekea chini ili boya lifunge maji mapema. Alinionyesha kabisa: maji yalisimama vidole viwili chini ya ovaflo. Nikamlipa 800. Jumamosi usiku kinyota kilikuwa kinazunguka tena.

Hapo kuna jambo ambalo nimekuja kulielewa polepole, na nadhani ndilo linalowapotosha wengi. Floti haifungi kwenye kimo kimoja cha maji siku zote. Maji yakija kwa presha kubwa, yanasukuma ile wosha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo boya lazima lizame zaidi ndipo lipate nguvu ya kuizuia, na hapo kimo cha maji kinapanda. Ukiirekebisha mchana maji yakichuruzika, umeirekebisha kwa ajili ya mchana. Saa nane usiku ni habari nyingine. Floti yoyote ikaguliwe usiku wa maji, au angalau uiachie nafasi ya kutosha chini ya ovaflo. Fundi akikuonyesha mchana kwamba imefunga, mwambie asante, na umwambie nusu ya pesa utamtumia kesho asubuhi.

Kisha nikaamua kuwa fundi mwenyewe. Hapa sijivunii. Nilichukua waya nikalifunga boya likae juu, nikisema nitalifungua mwenyewe wakati wa kujaza. Nikasahau. Usiku wa Jumanne maji yalikuja na kuondoka, tangi halikupata tone, na mpaka Alhamisi tulikuwa tunanunua maji ya mkokoteni kwa shilingi 30 mtungi. Mama hakunisemesha siku mbili. Alikuwa anachota maji kwa kikombe na kuniangalia.

Nilipolifungua boya kutoka kwenye mkono na kulitikisa, lilicheza maji ndani kama dafu. Lilikuwa na ufa mwembamba sana pale linapoungana, usiouona mpaka ulikamue. Boya peke yake linauzwa, sikulijua hilo, nililipata hadweani kwa 200. Nikalifunga. Afadhali kidogo: badala ya kumwagika, sasa maji yalikuwa yakidondoka. Lakini tone linalodondoka usiku kucha nalo linahesabiwa na mita. Nikafungua kile kijiti nikaitazama wosha. Ilikuwa imechongeka duara katikati, kidole kinahisi kabisa, na ndani ya duara hilo kulikuwa na chembe za mchanga. Kila aliyeishi na mgao anayajua maji ya kwanza baada ya kukatika, yale ya kahawia. Mchanga wake unakwama kati ya wosha na tundu, na kila floti inapofunga inausaga ule mpira.

Ningebadilisha wosha tu, ingetosha pengine. Lakini nilikuwa nimechoka, nikanunua floti nzima mpya, ya plastiki, 350. Nikaifunga Jumatatu, nikaona maji yakiingia kwa wingi kuliko zamani, nikafurahi. Hiyo furaha ndiyo ingenishtua. Maji kuingia kwa wingi maana yake tundu lake ni kubwa, na tundu kubwa ni la maji yasiyo na nguvu, kama yale yanayotoka kwenye tangi lingine. Kwenye presha ya usiku wa Buruburu boya lile dogo halikuwa na uwezo wa kulizuia. Saa tisa usiku mama alinigongea mlango. "Ile mvua ya Mama Baraka," alisema, "leo hata mimi naisikia."

Aliyenitoa kwenye shida hii ni mama mmoja mwenye hadwea, mtu mzima, anakaa nyuma ya kaunta amevaa leso kiunoni. Nilimwekea ile ya plastiki mezani. Hakuniuliza bei wala rangi, aliniuliza maji yangu yanatoka wapi, kwa paipu ya mji au kwa tangi la juu. Akatoa floti ya shaba, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaniambia nichungulie. Tundu lilikuwa dogo, kama milimita 3. Akachukua ile yangu: mara mbili yake. "Usinunue floti bila kuichungulia," akasema. Shaba ilikuwa 950. Akanishauri na geti valvu ya nusu inchi, yaani koki ya kufungia maji, 550, niiweke kwenye paipu kabla haijafika kwenye tangi, na tepu ya kuzungushia uzi wa paipu, 50.

Geti valvu ndiyo kitu ambacho ningemwambia mtu yeyote afunge kabla hajagusa kingine chochote. Bila hiyo, kila ukitaka kufungua floti lazima ufunge maji ya nyumba nzima pale kwenye mita, au usubiri siku isiyo na maji ufanye kazi na wasiwasi. Ukiwa nayo unaifunga palepale juu, unafanya kazi yako kwa utulivu, unafungua. Pia inakusaidia kujua uvujaji uko wapi: ifunge, na kama kinyota bado kinazunguka, basi kuna maji yanayopotea kabla ya kufika kwenye tangi, tafuta paipu iliyopasuka.

Kuifunga floti yenyewe si kazi kubwa, ila ina mitego. Nilichukua spana mbili, moja ikiwa ile spana malaya ya baba inayojipanua kwa nati yoyote. Kuna nati ndani ya tangi na nati nje, na ukuta wa tangi uko katikati na wosha zake. Ukizungusha ya nje bila kuishika ya ndani, floti nzima inageuka na mkono unaelekea ukutani. Boya likigusa ukuta linakwama, na umerudi mwanzo. Nami nilikaza mno. Nilisikia plastiki ya tangi ikilia, nikaacha hapo hapo, moyo ukienda mbio, maana ufa kwenye tangi hauna fundi, ni tangi jipya. Kaza mpaka mpira uanze kubanwa, kisha robo zungusho, basi. Tepu zungusha kufuata upande ambao nati inakaziwa, mara tano au sita zatosha; nilipoweka nyingi uzi haukuingia sawasawa. Na kabla ya kuunganisha floti mpya, fungua maji kidogo yamwagike kwenye ndoo. Ile ndoo yangu ilipotulia ilikuwa na mchanga wa kujaza kijiko. Huo wote ungeingia kwenye shaba yangu ya 950 usiku wa kwanza.

Sikuwa na haraka safari hii. Nilisubiri usiku wa maji, nikakaa juu ya zege na blanketi na chupa ya chai. Maji yalipanda, boya likapanda nayo, mlio wa kuingia ukawa mwembamba, mwembamba zaidi, kama mtu anayemaliza kupuliza filimbi, kisha kimya. Vidole vitatu chini ya ovaflo. Saa nane na nusu presha ilipopanda, maji yaliongezeka kidole kimoja yakasimama. Kutoka getini mama akasema, bila kupiga kelele sasa, "Imesimama."

Nilipoteza kiasi gani? Bili mbili zile zilizidi za kawaida kwa 6,800. Ya tatu ilikuja 2,300, ambayo nayo imezidi 1,110. Ongeza fundi, boya, floti ya plastiki na maji ya mkokoteni. Kazi yenyewe, ikiwa sahihi, ilikuwa ya 1,550.

Na kulikuwa na pesa ambazo hazikuwa zangu. Mama Baraka alikuwa amenilipa elfu moja ya ziada mara mbili. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima nikitafuta namna ya kulisema lisilonidhalilisha, kama vile kumpunguzia kodi kimyakimya mwisho wa mwezi. Mama yangu ndiye aliyenikata: "Ulimdai mlangoni pake, mrudishie mlangoni pake." Nikaenda. Nikamwambia ulikuwa unasema kweli, na mimi nilikuwa nakusikia, ila sikutaka kukusikia. Akazichukua zile noti mbili, akazitazama moja moja kwenye mwanga kana kwamba zimetoka sokoni, akazikunja. Hakusema "si kitu", na sikutarajia aseme. Alisema, "Sawa, Mama Njeri," akarudi kwa mtoto.

Jumapili iliyofuata nilikata paipu ya ovaflo kutoka kwenye mfereji wa bati. Nilinunua kiko, kile kiungo cha kona, na kipande cha paipu nikaielekeza ukutani upande wetu, mdomo wake unachungulia juu kabisa ya mlango wa jikoni. Mama alilalamika: nani anaweka ovaflo mahali watu wanapopita? Nikamwambia ndiyo maana yake. Ikitoa maji, lazima mtu alowe, na mtu mwenyewe ni mimi.

Ilichukua miezi minne. Asubuhi moja baada ya mgao kukatika karibu wiki nzima, bado sijavaa viatu, nikasikia sauti kutoka kule nyuma, na ndani yake kulikuwa na kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu.

"Mama Njeri! Kunanyesha mlangoni kwako!"

Nilifunga geti valvu, nikatoa kile kijiti, nikaosha chembe moja ya mchanga kwenye wosha, nikarudisha. Chai haikuwa imepoa.